Je, wajua kwa nini birika la ubatizo la kanisa la kale hukutwa likinyweshea ng'ombe?

Vijiji vingi vya Uingereza vilipoteza birika la mawe walilobatiziwa watoto tangu Enzi za Kati. Mwaka 1645, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Bunge lilipitisha utaratibu mpya wa ibada uliokataza kubatizia mahali mabirika yalipowekwa zama za Ukatoliki. Beseni dogo mbele ya waumini likachukua kazi, na jiwe zito likatolewa nje. Mfugaji aliliona chombo kizuri cha maji ya mifugo. Ufalme uliokuwa umefutwa uliporudi mwaka 1660, makanisa mengi yalichonga birika jipya, la kale likabaki zizini. Mengine yaliondolewa wakati wa ukarabati mkubwa wa karne ya 19, au yakazikwa chini ya sakafu, kwani chombo kilichowekwa wakfu hakitupwi ovyo.

Utalitambuaje? Anza na tundu. Kinu hakina tundu, na hori likiwa nalo huwa pembeni. Birika la ubatizo lina tundu katikati ya kitako, ili maji yaliyobarikiwa yashuke ndani ya nguzo inayolibeba hadi ardhini papo hapo kanisani. Kisha pima: mara nyingi upana wa ndani ni kama sentimita 50 hadi 60 na kina 25 hadi 30, kwa kuwa mtoto alizamishwa, hakunyunyiziwa tu.

Ushahidi ninaouthamini zaidi uko ukingoni. Maji yalibarikiwa Mkesha wa Pasaka yakakaa humo wiki nyingi, na watu wakayaiba kwa ajili ya uchawi. Mwaka 1236 Edmund, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliagiza mabirika yafunikwe na kufungwa kwa kufuli. Tumbuu za chuma, yaani pete za kushikia kufuli, zikapachikwa kwenye jiwe kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Chuma kikishika kutu huvimba na kupasua ukingo, na tumbuu iking'olewa huondoka na kipande cha jiwe. Makovu mawili yanayotazamana ni dalili nzuri mno.

Adui mkubwa nje ni barafu. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na jiwe la chokaa lililolowa hubanduka tabaka kwa tabaka. Kwa hiyo usizibe tundu kwa saruji. Usisugue kwa brashi ya waya wala asidi: mabaki ya bitana ya risasi ndani ni ushahidi. Piga picha kabla ya kulisogeza, usilinyanyue kwa kushika ukingo, na likiingizwa ndani likauke taratibu, maana likikauka haraka chumvi hukimbilia usoni pa jiwe na kulimomonyoa.

Halafu tafuta nguzo yake. Kule Deerhurst, Gloucestershire, bakuli la karne ya 9 lilikutwa shambani na nguzo ikakutwa bustanini kwingine. Viliunganishwa tena katika karne ya 19.