Injini ya boti ni ya gari tu? Siyo kabisa

Mafundi wengi wanasema injini ya ndani ya boti ni ya gari tu, so ukiifanyia ovaholi mwenyewe funga spea za gari, bei poa. Nusu kweli. Bloku (mwili wa injini) ya MerCruiser 5.7 V8, injini ya boti, kwa mfano ni ya GM (General Motors), ile ile ya magari ya Chevrolet, pistoni na ringi zinafanana sana.

Shida iko nje ya bloku. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, ukivuja kwenye gari upepo unaubeba, kwenye boti unashuka unatulia kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti), sasa stata (mota ya kuwashia injini) au alteneta (ya kuchaji betri) ya gari ikitoa cheche hapo ni mlipuko. Za boti zimezibwa cheche isiwashe mvuke wa nje, na Marekani ni sheria kabisa kwa boti za petroli. Kabureta ya boti (inayochanganya petroli na hewa) nayo ikifurika inamwaga petroli ndani ya injini, siyo juu yake.

Dizeli haiwaki kirahisi hivyo, ila huko maji chumvi yanakusubiri: plagi za bloku (vizibo vya matundu ya bloku, siyo za cheche) weka za brasi, za chuma zinaoza.