Bano moja linaweza kubadilisha renji nzima

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza ninaowafundisha hisabati hapa Nairobi huja wakijua kwamba domeni ni x zote ambazo fanksheni inazikubali, na renji ni y zote inazozitoa. Hapo hakuna shida. Shida iko kwenye mabano. Mtu anafanya hesabu vizuri, halafu anaifunga intavali, yaani kipande cha namba kati ya ncha mbili, kwa bano lolote. Nikimkata maksi analalamika: "Lakini mwalimu, si namba ni zilezile?"

Namwandikia hii ubaoni:

f(x) = √(x + 3) / (x − 2)

Domeni kwanza. Chini ya kipeuo cha pili hatutaki namba hasi, kwa hiyo x iwe −3 au zaidi. Asili ya sehemu isiwe sifuri, basi 2 inatoka. Tunapata [−3, 2) ∪ (2, ∞), ambapo ∪ inaunganisha vipande viwili. Bano la mraba linasema −3 imo. La mviringo linasema 2 haimo. Penye ∞, alama aliyoianzisha John Wallis mwaka 1655, bano huwa la mviringo daima, maana hiyo si namba ambayo x itaifikia.

Utamu uko kwenye renji. Wengi wakiona domeni ina pengo hudhani renji nayo lazima iwe nalo. Usikisie, ifuate fanksheni yenyewe. Kwenye −3, f ni 0. Ukisogea kulia kuelekea 2, juu kuna chanya inayokua na chini kuna hasi inayokaribia sifuri, kwa hiyo f inaporomoka bila kikomo: (−∞, 0]. Ukishavuka 2, f inaanzia juu mno, kisha inashuka kuelekea 0 bila kuigusa: (0, ∞). Unganisha vipande hivyo viwili upate (−∞, ∞). Namba halisi zote!

Sasa itazame ile 0. Upande wa kulia hauitoi kabisa. Inatoka mahali pamoja tu, kwenye x = −3, kwa kuwa bano la pale ni la mraba. Ligeuze liwe la mviringo, na renji inakuwa (−∞, 0) ∪ (0, ∞).

Si kila ncha ina uzito huo, ndiyo sababu ni lazima kupima. Chukua g(x) = √(9 − x²): domeni ni [−3, 3], renji ni [0, 3]. Ondoa −3 na renji haitikisiki, kwa sababu 3 bado inatoa 0. Ondoa na 3 pia, ndipo renji inakuwa (0, 3].