Si Kila Kinda Lililo Chini Limepotea

"Ukilishika kinda, mama yake atalikataa."
Miongoni mwa imani za watu kuhusu wanyama wa bustanini na porini, hii imeenea sana, wala si kweli. Ndege aliyejenga kiota, akataga, akaatamia na kulisha hamtupi mwanawe kwa harufu ya mkono wa mtu. Cha kuangalia ni manyoya. Kinda lenye ngozi tupu limeanguka kweli: lirudishe kiotani kama unakifikia, basi. Lakini lile lenye manyoya na kijimkia kifupi, linalorukaruka chini huku likilia, halijapotea. Makinda ya ndege wengi wa bustanini hutoka kiotani kabla hayajaweza kuruka vizuri, na wazazi huendelea kuyalisha hukohuko chini. Mara nyingi wapo mtini juu yako, wakingoja uondoke. Anayelibeba nyumbani kwa huruma ndiye anayelifanya yatima. Mfungie paka ndani, kisha kaa mbali.

"Bustani nzuri ni iliyofagiliwa ikang'aa."
Kwa nani? Pindua polepole gogo lililooza na utamkuta jongoo amejikunja, mabuu meupe ya mbawakawa, pengine na mayai ya konokono yaliyorundikana. Hapo ndipo ndege wapekuaji hupata riziki. (Ukishaona, lirudishe gogo lilivyokuwa.)

Hali kadhalika majani yenye matundu. Watu hupanda maua ya kuvutia vipepeo, kisha hupulizia viwavi dawa, kana kwamba vipepeo hushuka kutoka mawinguni. Ua humlisha kipepeo. Mwanawe hulishwa na majani, tena si majani yoyote. Viwavi wa kipepeo wa Amerika anayeitwa monarch, kwa mfano, hutegemea mimea ya jamii ya Asclepias. Ikikosekana hiyo, maua mengine hata yajae bustani nzima hayatawakuza.

"Chura huambukiza chunjua."
Chunjua huletwa na virusi vya binadamu. Vinundu vya mgongoni mwa chura ni tezi, na baadhi yake hutoa sumu ya kujilinda. Ukimgusa nawa mikono, na usimwache mbwa amdake.

"Popo ni kipofu."
Kuna aina zaidi ya 1,400 za popo, na wote wana macho yanayoona. Popo wanaokula wadudu hutumia pia mwangwi wa sauti zao kuwinda gizani, kwa hiyo anayekupita karibu na kichwa anafukuza mdudu, si nywele zako. Aliyeanguka chini tu ndiye usimshike kwa mkono mtupu, kwani popo wanaweza kubeba kichaa cha mbwa.

"Bundi ni nuksi, na panya dawa yake ni sumu."
Mambo haya mawili yanahusiana. Bundi ni mwindaji hodari wa panya. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na panya aliyekula sumu hizo huchukua siku kadhaa kufa. Katika siku hizo huyumbayumba waziwazi, akawa windo rahisi. Bundi akimla, sumu humwingia naye.

"Ukivaa kijani, wanyama hawakuoni."
Mamalia wengi hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, ilhali ndege huona rangi nyingi kutushinda. Kinachokufichua njiani ni mwendo na kelele. Simama kimya dakika chache, na porini kutaanza kuchangamka tena. Kucheza mlio wa ndege kwenye simu ili ajitokeze ni ujanja mbaya: dume hudhani mpinzani amevamia eneo lake, akaacha kulisha makinda ili apigane na hewa.

"Ganda la ndizi litaoza tu."
Litaoza, ila linaweza kuchukua miezi. Kabla ya hapo harufu yake huwafundisha wanyama kuwa kando ya njia kuna chakula, na mnyama aliyezoea watu huishia kugongwa na gari au kuuawa kwa kuwa "amekuwa msumbufu."