Si kila kiongozi wa maji huja na fedha

Wengi tunaamini kuwa kazi ya kiongozi wa shirika la maji na usafi ni kutafuta wafadhili, kujenga, kisha kuwakabidhi maskini. Orangi, eneo kubwa la makazi holela mjini Karachi, Pakistani, linaonyesha vingine.

Mtaalamu wa maendeleo ya jamii Akhter Hameed Khan alipoanzisha mradi pale mwaka 1980, majitaka yalitiririka vichochoroni. Hakuwajengea wakazi mabomba. Aliwasikiliza kwanza, kisha mafundi wake wakatafuta namna ya kushusha gharama: michoro rahisi, vifaa vya kuazima, ushauri wa bure. Kaya 20 hadi 30 za kichochoro kimoja zilichagua msimamizi wao, zikachangishana, zikachimba na kulaza mabomba zenyewe. Mabomba makuu na mitambo ya kusafisha majitaka vilibaki jukumu la serikali, na ni haki: mzigo huo kichochoro hakiuwezi.

Msanifu majengo Perween Rahman, aliyekuja kuongoza kazi hiyo, alishirikiana na vijana wa mitaani kuchora ramani za mifereji, mtaa kwa mtaa. Kwangu mimi, ramani zile zina uzito kuliko visima vingi vya msaada, maana ziliwapa wakazi hoja ya kupeleka serikalini. Aliuawa kwa risasi Machi 2013.