Inkwesti ni nini? (hii ni ya wapelelezi wetu wa simu)

Kila kukitokea kifo cha kutatanisha hapa Nairobi, kijana ameanguka kutoka gorofa ya saba, msichana amepatikana amekufa kwa nyumba ya kukodi ya siku moja, mambo hufuata njia ile ile. Siku ya kwanza ni pole na mishumaa. Siku ya pili mtu anatoa skrinshoti ya CCTV ameizungushia duara jekundu, siku ya tatu tushajua nani alikuwa kwa lifti, nani alitoka na viatu gani, keyateka alipigiwa simu saa ngapi, na kufikia wikendi kuna jina la mtu, picha yake na mahali anafanya kazi. Halafu miezi inapita kimya. Siku moja ofisi ya DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma) inasema ushahidi hautoshi kumshtaki yeyote, faili ipelekwe inkwesti, na hapo moto unawaka upya. Wamenunuliwa! Kesi imezikwa! Hii ni Kenya bana!

Sasa inkwesti yenyewe ni kitu gani, maana naona watu wengi wanailaani bila kuijua.

Inkwesti ni kikao cha mahakama cha kuuliza mtu alikufaje. Basi. Hakuna mshtakiwa, hakuna mtu anasomewa mashtaka akakubali ama akakataa, hakuna hukumu ya jela mwishoni. Hakimu anaketi, wakili wa ofisi ya DPP analeta mashahidi mmoja mmoja, wanaapa, wanaulizwa maswali, na familia ya marehemu inaweza kuja na wakili wake naye akauliza yake. Soja wa geti anaitwa, jirani anaitwa, daktari aliyepasua mwili anaitwa, askari aliyefika kwanza pale anaitwa aeleze kwa nini hakufunga eneo na utepe. Swali ni moja tu, huyu marehemu alikufa vipi na je kuna mkono wa mtu hapo?

Kisheria inatoka kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 75, kuanzia kifungu cha 385 mpaka 388. OCS (mkuu wa kituo cha polisi) akipata habari kwamba mtu amejiua, au ameuawa, au amekufa kwa ajali, au amekufa kwa namna inayofanya ushuku kuna mtu amefanya kosa, ama hata amepotea na inaaminika amekufa, anatakiwa amjulishe hakimu, achunguze, aandike ripoti. Mtu akifia mikononi mwa polisi ama jela, hapo hakuna mjadala, hakimu lazima aangalie. Na DPP mwenyewe akiona faili haieleweki anaweza kumwagiza hakimu afanye inkwesti, hiyo ndiyo njia hizi kesi zetu za mtandaoni hupitia mara nyingi. (Kuna pia sheria ya 2017 ya kuanzisha huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo, yaani wataalamu kazi yao iwe hiyo tu badala ya kuachia polisi kila kitu. Ilipitishwa vizuri, ikakaa kwa karatasi miaka na miaka. Hiyo ndiyo ningependa mtu aifungulie hashitagi.)

Mwishoni hakimu ana njia tatu. Akiona kosa limefanyika na mtu anajulikana, anaweza kutoa samansi au waranti huyo mtu aletwe. Akiona kosa limefanyika lakini aliyelifanya hajulikani, anaandika hivyo na kupeleka nakala kwa DPP. Akiona hakuna kosa, labda ni ajali kweli, anaandika hivyo pia na kufunga.

Kitu ambacho watu hawakioni ni hiki. Katiba yetu, ibara ya 50, inasema mtu akishashitakiwa kwa kosa akaachiliwa hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lile lile. Kwa hivyo sisi tunapopiga kelele "mkamateni ashtakiwe leo leo", tunaomba kitu cha hatari, kwa sababu ukimkimbiza mtu kortini na ushahidi nusu, jaji hana la kufanya ila kumwachilia, na hata kama miaka mitano baadaye shahidi wa maana anajitokeza, mlango ushafungwa. Inkwesti haimwachilii mtu, haimsafishi yeyote, na ushahidi ukipatikana kesho mashtaka yanaweza kuanza. Kama unataka kuzika kesi kabisa, njia nzuri ni kushtaki mtu mapema na vibaya.

Na tumeona hayo. Julie Ward, mtalii Mwingereza wa miaka 28, alipotea Maasai Mara Septemba 1988, mabaki yake yakapatikana yamechomwa, na wakubwa wakasema ameliwa na wanyama. Baba yake, John Ward, mwenye mahoteli huko Uingereza, asiye na mafunzo yoyote ya upelelezi, ndiye aliyegoma. Alikuja mwenyewe, akatafuta kwa ndege, akauliza maswali ambayo hakuna mtu alitaka kuyajibu, na ikajulikana kwamba ripoti ya daktari iliyosema mifupa ilikatwa na kitu chenye makali ilikuwa imebadilishwa isome kama meno ya mnyama. Inkwesti ya Nairobi mwaka 1989 ikasema aliuawa. Hapo inkwesti ilifanya kazi yake. Lakini mashtaka yaliyofuata? Maaskari wawili wa mbuga waliachiliwa 1992, mkuu wa maaskari wa mbuga akaachiliwa 1999, na mpaka leo hakuna aliyefungwa.

Huyo mzee, nikuambie, ndiye babu wa wapelelezi wote wa kujitolea, na tofauti yake na sisi ni kwamba yeye alitembea. Alikusanya vitu, akavipeleka kwa wataalamu na kortini, miaka zaidi ya thelathini, mpaka alipofariki 2023. Hakukaa kitandani na chaji asilimia kumi akizungushia watu duara.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Padre John Kaiser. Mmarekani wa shirika la Mill Hill, alikuwa amefanya kazi kwa miaka mingi Kisii na Maasai, na alikuwa ametoa ushahidi mbele ya Tume ya Akiwumi kuhusu mapigano ya kikabila, akataja wakubwa kwa majina. Tarehe 24 Agosti 2000 akapatikana amekufa kando ya barabara karibu na Naivasha, amepigwa risasi ya kichwa, bunduki yake mwenyewe iko hapo. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walikuja kusaidia, na mwaka 2001 ripoti yao ikasema dalili zinaonyesha alijiua. FBI! Kwa mtu wa kawaida hapo mjadala umeisha, nani atabishana na FBI. Kanisa likabisha, familia ikabisha, na serikali ilipobadilika inkwesti ikaanza 2003. Mashahidi wakaja, akina mama wa kawaida, madaktari, mapadre, maafisa, wote wakaulizwa kwa kiapo. Tarehe 1 Agosti 2007 hakimu Maureen Odero akatoa uamuzi kwamba padre hakujiua, aliuawa. Hakumtaja muuaji kwa sababu ushahidi haukumfikisha hapo, akasema hivyo wazi. Hakimu wa hapa hapa Nairobi akaiweka pembeni ripoti ya FBI kwa kusikiliza watu tu. Na neno "kujiua" likaondoka kwa rekodi, jambo ambalo kwa familia na kwa waumini wa Kikatoliki si dogo.

Sasa sitakudanganya ati ilikuwa ushindi mtupu. Miaka minne ya vikao ni mingi, na baada ya uamuzi hakuna mtu aliyefungwa kwa mauaji hayo. Kwa hivyo mtu akiniambia inkwesti huchosha na mara nyingi huishia hewani, hapo siwezi kumbishia. Nambishia tu akisema ni njia ya kuficha. Angalia ya Baby Pendo, mtoto wa miezi sita wa Kisumu aliyepigwa nyumbani kwao wakati wa msako wa polisi baada ya uchaguzi wa 2017, akafa. Inkwesti ikafanywa, Februari 2019 hakimu akasema makamanda wa polisi wabebe lawama, na 2022 DPP akatangaza mashtaka dhidi ya maafisa. Ilienda polepole ajabu, lakini ilisonga, na ilianzia kwa inkwesti.

Watu pia huchanganya inkwesti na tume. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, alitoweka kwake Koru Februari 1990 akapatikana amechomwa kwenye kilima cha Got Alila, na maneno ya kwanza ya serikali yalikuwa ati amejiua. Iliyokaa kusikiliza mashahidi ilikuwa tume ya Jaji Gicheru, iliyoundwa na Rais, na kwa sababu Rais ndiye aliiunda, Rais Moi akaivunja Novemba 1991 kabla imalize. Inkwesti iko chini ya hakimu, rais hawezi kuamka asubuhi akaivunja. Na pia hapo kuna mtu alishtakiwa, DC (mkuu wa wilaya) wa Nakuru wa wakati huo, akaachiliwa 1994. Unaona sasa?

Turudi kwa simu zetu. Si kusema kelele za mtandaoni hazina kazi, zina kazi kubwa, faili nyingi zingekuwa zimelala kwa droo ya kituo fulani kama si watu kuuliza. Ila kuuliza ni kitu kimoja na kutaja mtu ni kitu kingine. Mwaka 2013 msichana mwanafunzi kutoka Canada alipatikana amekufa ndani ya tangi la maji juu ya Hoteli ya Cecil, Los Angeles. Polisi walikuwa wametoa video yake akiwa kwa lifti anafanya mambo ya kushangaza, dunia nzima ikawa mpelelezi, wakapata mwanamuziki mmoja wa Mexico aliyewahi kulala hoteli hiyo mwaka mmoja kabla, wakamfanya muuaji, wakamtumia vitisho vya kifo. Huyo jamaa hakuwa hata Marekani wakati huo. Uchunguzi rasmi ulisema ni ajali, alizama, na ugonjwa wake wa akili ulichangia. Hapa Kenya ukimfanyia mtu hivyo anaweza kukushtaki kwa kumharibia jina, na kuna sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 ambayo kunyanyasa mtu mtandaoni ni jinai, faini yake si ya kulipwa na mchango wa WhatsApp.

Halafu kuna mambo ambayo kwa uzi wa mtandaoni yanaonekana ni ushahidi mzito na mbele ya hakimu hayana uzito. "Postmotamu imeonyesha alisukumwa." Hapana, daktari anaweza kusema mifupa ilivunjika vipi, kama kuna majeraha ya kabla ya kuanguka, kama kucha zina ngozi ya mtu mwingine, lakini mwili peke yake kwa kawaida hauwezi kusema aliruka, aliteleza ama alisukumwa. "Alikufa saa tisa na dakika kumi usiku." Hakuna daktari atakupa dakika, atakupa makadirio ya masaa. Na sampuli zikienda kwa Mkemia wa Serikali kuangaliwa sumu ama dawa, majibu hayarudi kesho, kwa hivyo ukimya wa wiki kadhaa si lazima uwe hongo.

Ile klipu ya CCTV nayo ndiyo huniuma zaidi. Mtu anayo ya kwanza kabisa, kutoka kwa mashine yenyewe, badala ya kuihifadhi anaituma WhatsApp, inabanwa, taarifa za ndani zinapotea, inakatwa, inawekewa muziki wa huzuni, inarudi ikiwa na mishale. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka ushahidi wa kielektroniki uje na cheti, mtu mwenye kuwajibika na ile mashine aseme ilitolewa kwa kifaa gani, vipi, na kwamba kifaa kilikuwa kinafanya kazi sawa. Ya kufowadiwa mara mia nani atasaini? Kama kweli uko na kitu, usikiguse, usikikate, andika tarehe na saa uliyokipata na kilitoka wapi, peleka DCI (idara ya upelelezi ya polisi) urekodi taarifa, na kama huwaamini (naelewa), mpe wakili wa familia, yeye anajua namna ya kumfikishia hakimu.

Na inkwesti ikianza, vikao kwa kawaida ni vya wazi. Orodha za kesi za kila siku Mahakama huziweka mtandaoni, Milimani, Makadara, Kibera, tafuta ile iliyoandikwa inkwesti na namba na mwaka wake, vaa vizuri, zima simu, ingia ukae benchi la nyuma. Usirekodi bila ruhusa. Siku nyingine utaambiwa shahidi hajafika, kesi imesongezwa mwezi ujao, utarudi na matatu ukiwa na hasira, lakini siku daktari atakuwa anaulizwa maswali na wakili wa familia utasikia kwa saa moja mambo ambayo uzi wa posti mia nne haukuwahi kuyagusa.