Si mume aliyeamua kesi ya Terri Schiavo

Wengi hudhani kwamba Terri Schiavo, mwanamke wa Florida, Marekani, aliyeishi miaka mingi bila fahamu baada ya ubongo wake kuharibika, aliondolewa mrija wa chakula mwaka 2005 kwa sababu sheria humpa mume neno la mwisho mbele ya wazazi. Sivyo. Mume, aliyekuwa mlezi wake kisheria, ndiye aliyeiomba mahakama mwaka 1998 iamue kama mrija uondolewe, na swali alilolijibu Jaji George Greer mwaka 2000 halikuwa nani ana haki zaidi juu ya mgonjwa, bali Terri mwenyewe angetaka nini. Hakuwa ameacha wosia wowote wa maandishi kuhusu matibabu yake; ushahidi ulikuwa maneno yaliyomtoka katika mazungumzo ya kawaida, yakiwemo ya mezani baada ya mazishi, msingi ambao wazazi wake waliupinga, na kwa kweli ni mwembamba.