Ndoo Hupimwa Austin: Tunayoyakosea Kuhusu Pesa za Shule za Texas

Ukikaa Texas muda wa kutosha, ipo wiki utapata karatasi mbili. Ya kwanza inatoka kwa watu wanaothamini majengo: nyumba yako imepanda bei. Ya pili ameileta mtoto kwenye begi: mwalimu wa muziki anaondoka, basi la shule litapita mbali zaidi, na mwakani darasa litakuwa na watoto wengi kuliko sasa. Jumamosi yake, kwenye harusi au matangani, mtu atauliza hela zetu zinakwenda wapi. Majibu hayakosekani. Miaka hii ninapowatafsiria wazazi kwenye mikutano ya shule nimeyasikia karibu yote, na mengine niliwahi kuyasema mwenyewe kwa kujiamini kabisa.

"Wilaya ya shule ni tawi tu la serikali"

Hapa neno lenyewe linatuponza. Aliyekulia Tanzania akisikia "wilaya" anamwona mkuu wa wilaya na gari lake, na afisa elimu anayesubiri waraka kutoka wizarani. Wilaya ya shule ya Texas ni kitu kingine. Ni serikali ndogo inayojitegemea, yenye mipaka yake isiyolazimika kufuata mipaka ya mji. Jimbo zima lina zaidi ya 1,000. Kila moja ina bodi, mara nyingi ya watu 7 au 9, wanaochaguliwa kwa kura na hawalipwi mshahara. Bodi ndiyo inayoajiri mtendaji mkuu, kupitisha bajeti na kutoza kodi ya majengo. (Houston kwa sasa ni habari nyingine: tangu 2023 inaendeshwa na bodi iliyoteuliwa na jimbo.)

Ila uhuru huo una kamba, na mwisho wa kamba umeshikwa Austin, makao makuu ya jimbo. Bunge la jimbo ndilo linaloamua kodi isivuke wapi, mitihani ipi ifanywe, na kila mtoto ahesabiwe shilingi ngapi. Ndiyo maana wilaya, pamoja na kuwa serikali, hupanga foleni bungeni kama mwombaji mwingine yeyote.

"Nyumba zikipanda bei, shule inaneemeka"

Hili ndilo linalowauma watu zaidi, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Chukua ndoo ya lita ishirini. Ukubwa wake umeshapimwa na sheria ya jimbo: idadi ya wanafunzi wanaohudhuria, mara kiwango cha msingi kwa kila mmoja, na nyongeza kwa mtoto mwenye ulemavu, anayejifunza Kiingereza, anayetoka familia yenye kipato kidogo, na kadhalika. Ndoo hiyo hujazwa kwanza na bomba la nyumbani, yaani kodi ya majengo. Likitoa lita kumi na mbili, jimbo linaongeza nane. Mwakani nyumba zikipanda bei na bomba likatoa kumi na tano, jimbo linaongeza tano. Wewe umelipa zaidi, ndoo ni ileile, na aliyepumua ni hazina ya jimbo.

Na bomba likifurika? Kinachozidi hakibaki. Tangu 1993 wilaya zenye majengo ya thamani kubwa hurudisha ziada kwa jimbo, mpango ambao wenyeji wameubandika jina la Robin Hood, yule wa hadithi anayewanyang'anya matajiri awape maskini. Wilaya ya shule ya Austin ndiyo inayotoa nyingi kupita wote, mamia ya mamilioni ya dola kwa mwaka. Wazo lake si baya. Lilitokana na kesi ya Edgewood, eneo la San Antonio lenye watoto wengi wa Kimeksiko, ambako wazazi na wilaya zenyewe waliishtaki serikali, na mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Texas ikasema mfumo wa zamani unavunja katiba ya jimbo. Kasoro ni kwamba kipimo cha utajiri ni thamani ya majengo, hakiulizi mifuko ya wanaoishi ndani yake. Houston, ambako watoto wengi wanatoka familia maskini, nayo ilijikuta kwenye kundi la "matajiri". Wapiga kura wake walikataa kulipa Novemba 2016, na Mei 2017 wakakubali baada ya kuona njia nyingine ingewaumiza zaidi.

Basi wilaya inapokwenda Austin, karibu kila hoja yake inarudi palepale: panueni ndoo. Kile kiwango cha msingi kiliwekwa dola 6,160 mwaka 2019 na kikakaa hapo mpaka 2025. Miaka sita. Jaribu kukumbuka mayai yalikuwa bei gani 2019.

"Bahati nasibu inalipia shule"

Inachangia, ndiyo. Tangu 1997 faida ya bahati nasibu ya Texas inaingia kwenye mfuko wa shule, na ni kama dola bilioni 2 kwa mwaka. Jimbo lina wanafunzi takribani milioni 5.5. Gawanya mwenyewe, utapata dola mia tatu na ushee kwa mtoto.

"Wanaenda Austin kupiga picha na kurudi mikono mitupu"

Mzee mmoja aliniambia hivi kwenye ngazi za shule, kwa hasira, na sikuwa na jibu la haraka. Jibu refu ni hili.

Bunge la Texas hukutana katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, siku 140, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari. Nje ya hapo ni gavana tu anayeweza kuliita, kwa siku zisizozidi 30, na kwa ajenda anayoitaka yeye. Wilaya makini huanza kazi mapema zaidi: vuli iliyotangulia bodi inapitisha orodha ya vipaumbele vyake, kwa kura, kwenye kikao cha hadhara. Orodha hiyo ndiyo mtendaji mkuu anayotembea nayo kwa wabunge wa eneo. Wilaya nyingi pia hupeleka sauti moja kupitia chama cha bodi za shule cha jimbo, na baadhi huajiri washawishi wa kulipwa. Hao wa kulipwa ni ugomvi wa kila mara. Seneti imejaribu kuwapiga marufuku zaidi ya mara moja, kwa hoja kwamba mlipakodi halipi ili kodi yake ipiganie kodi zaidi. Wilaya hujibu kwamba kampuni za mafuta zina watu wao mle ndani mwaka mzima, na watoto wa shule nao wanahitaji mtu.

Sasa mwaka 2023. Hazina ya jimbo ilikuwa imefurika, ziada ya mabilioni. Wengi tulidhani ndoo itapanuliwa. Lakini Gavana Greg Abbott alitaka kwanza vocha, yaani pesa za umma zimfuate mtoto hadi shule binafsi, na nyongeza ya shule za umma ikafungwa kamba moja na vocha. Yaliitishwa mabunge manne maalumu. Novemba 17 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 84 kwa 63 kuziondoa vocha kwenye muswada, Warepublican 21, wa chama cha gavana mwenyewe, wakiwemo, wengi wao wa vijijini ambako shule ya umma ndiyo mwajiri mkubwa. Muswada mzima ukafa, na nyongeza ikafa nao. Wilaya zilishinda hoja zikakosa hela.

Mwaka uliofuata gavana aliwafuata kwenye kura za mchujo baadhi ya wabunge wa chama chake waliompinga, na kadhaa wakaanguka. Bunge la 2025 halikuwa lile tena. Mei 3, 2025, vocha zikasainiwa kuwa sheria, dola bilioni 1 za kuanzia. Juni ukafuata muswada wa shule za umma, takribani dola bilioni 8.5. Kiasi kikubwa, ila soma ndani: kiwango cha msingi kiliongezwa dola 55. Hamsini na tano. Baraza lilikuwa limepitisha 395 kabla Seneti haijaukata. Sehemu kubwa ya hizo bilioni ilikuja na jina lake tayari: walimu wenye uzoefu wapewe kiasi kadhaa, ulinzi kiasi kadhaa. Mwalimu wa miaka mitano na kuendelea katika wilaya kubwa alipata nyongeza ya dola 5,000, na alistahili. Lakini pesa yenye jina la mwalimu huwezi kulipia bima wala mafuta ya basi, ndiyo maana barua ya basi imekuja nyumbani mwaka uleule mliosikia redioni kwamba shule zimepewa mabilioni.

"Shule zinatumia pesa zetu kupigia watu kampeni"

Sheria ya elimu ya Texas inakataza waziwazi: pesa ya wilaya haiwezi kutumika kumpigia debe mgombea, chama, au upande wowote wa kura. Mtendaji mkuu anaruhusiwa kusimama mbele ya kamati ya bunge na kusema muswada huu utatugharimu kiasi fulani. Anaruhusiwa kuwaeleza wazazi kura ya hati fungani, yaani mkopo wa wilaya, itajenga nini. Haruhusiwi kuandika kwenye barua pepe ya kazi "mchagueni fulani". Mstari huo ni mwembamba kuliko unavyosikika: mwaka 2024 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Ken Paxton, alizipeleka wilaya kadhaa mahakamani akidai umevukwa.

"Mtoto akikosa siku mbili tatu, hasara ni yake"

Kumbuka ndoo inapimwa kwa wanaohudhuria. Majimbo mengi ya Marekani huhesabu walioandikishwa. Texas huhesabu waliokaa kitini, kwa saa maalumu iliyopangwa kila siku. Gawanya dola 6,215, kile kiwango cha msingi baada ya nyongeza ya 55, kwa siku 175 hivi za masomo: zaidi ya dola 35 kwa siku kwa mtoto mmoja, kabla ya nyongeza. Thelathini wakibaki nyumbani siku moja, zimepotea kama dola elfu. Wilaya zimeomba miaka na miaka hesabu ihamie kwenye uandikishaji, bila mafanikio.

Lakini kuna jambo wazazi wetu wengi hawajaambiwa. Mtoto anayekosa shule kwa sababu ya sikukuu ya dini yake, Idi ikiwemo, au kwa kwenda ofisini kukamilisha karatasi za uraia, anahesabiwa kuwa alikuwepo, mradi mzazi ameleta maelezo. Aliyekwenda kwa daktari wa meno akarudi darasani siku hiyohiyo na cheti chake, vilevile. Kabla sijajua hili, Idi moja nilimwandikia mtoto wangu "anaumwa". Niliingiza dhambi ya uongo na kuipunguzia shule pesa kwa karatasi moja.

"Andika Kiingereza kwenye fomu ya lugha, mtoto asije akarudishwa nyuma"

Nimekaa na mama mmoja wa Uvira siku ya kuandikisha, kalamu mkononi, akiniuliza, "Mwalimu, nikiweka Kiswahili hawatamtupa darasa la wasiojua?" Fomu inauliza lugha inayozungumzwa nyumbani. Jibu lake ndilo linaloamua kama mtoto atapimwa Kiingereza. Akipimwa na kuonekana anahitaji msaada, wilaya inapata nyongeza ya asilimia 10 ya kiwango cha msingi kwa ajili yake, kama dola 621 kwa mwaka. Asilimia hiyo haijaguswa tangu 1984, na kuipandisha ni ombi la kudumu kwenye orodha za wilaya nyingi.

Kuna zaidi. Sheria ya Texas inasema wilaya ikiwa na wanafunzi 20 wanaojifunza Kiingereza, wa lugha moja, kwenye darasa la ngazi moja, inapaswa kutoa masomo kwa lugha mbili. Haisemi Kihispania. Inasema lugha yoyote. Kwa kawaida wilaya huomba msamaha kwa kukosa walimu wenye leseni, na ni kweli hawapo. Lakini tukijificha kwenye safu ya Kiingereza, wilaya haina hata haja ya kuomba huo msamaha. Nimewahi pia kuona fomu iliyoandikwa "Kiafrika". Kama nyumbani ni Kibembe, andika Kibembe.

Yule mama aliandika Kiswahili, kwa herufi kubwa.

"Mimi si raia, huko bungeni nitamwambia nani"

Kupiga kura ni kwa raia. Kuzungumza mbele ya kamati si lazima uwe raia, na hakuna anayekuuliza karatasi. Kwenye jengo la bunge pale Austin kuna mashine za kujiandikishia: unaandika jina, namba ya muswada, kisha unachagua unaunga mkono, unapinga, au unatoa maelezo tu. Halafu unasubiri, pengine mpaka usiku wa manane, upate dakika 2 au 3. Beba maji na sweta. Kipupwe cha mle ndani hakina huruma.

Sehemu ya haki tunazozitumia bila kufikiri ilitetewa na watu wasio raia. Mwaka 1975 Texas ilipitisha sheria ya kutotoa pesa kwa watoto wasio na karatasi, na wilaya ya Tyler ikaanza kuwadai wazazi wao ada ya dola 1,000. Familia za Kimeksiko zilikwenda mahakamani zikiwa katika hatari ya kufukuzwa nchini, na mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa ushindi, kura 5 kwa 4. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hao walilichukua wenyewe.

Na si lazima ufike Austin. Kikao cha bodi ya wilaya yako kina muda wa wananchi kusema, na ukiomba mkalimani mapema, wilaya nyingi hutafuta. Bunge lijalo linaanza Januari 12, 2027. Miswada itaanza kuwasilishwa Novemba 2026, kwa hiyo orodha ya vipaumbele itakuwa mezani kwa bodi miezi michache kabla ya hapo, jioni ya siku ya kazi, ukumbini kwenye viti vingi vitupu.